Ugomvi wa Viongozi na Msimamo wa Chama: Somo la Australia

Tarehe 24 Novemba 2007 wananchi wa Australia waliiondoa madarakani serikali ya John Howard iliyokuwa imetawala tangu 1996. Badala yake walikichagua Chama cha Labor, kikiongozwa na Kevin Rudd. Wafanyakazi walikuwa na sababu ya kushangilia. Sheria za kazi zilizopitishwa mwaka 2005 zilikuwa zimewapunguzia kinga mbele ya waajiri, na vyama vyao vilijitolea watu na fedha kuzipiga vita. Ushindi ule ulikuwa wao.

Lakini kabla ya miaka mitatu kutimia, kiongozi aliyeleta ushindi aliangushwa na wabunge wa chama chake mwenyewe. Usiku wa tarehe 23 Juni 2010 mambo yalipangwa. Asubuhi Rudd hakugombea tena, na Julia Gillard, aliyekuwa naibu wake, akawa Waziri Mkuu bila kupingwa. Wananchi waliolala wakiwa na kiongozi mmoja waliamka wakiwa na mwingine. Kuanzia hapo hadi Agosti 2018 Mawaziri Wakuu wanne waliondolewa na wabunge wa vyama vyao. Katika muda huo wote wapiga kura waliiondoa serikali mara moja tu.

Wapo wanaoridhika kusema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Magazeti ya kule yalijaza kurasa kwa habari za hasira za huyu na tamaa ya yule. Sisi hatukatai kwamba tabia za watu zina nafasi yake. Lakini maelezo hayo yanatazama fahali na kusahau zizi. Tunasema kwamba ugomvi wa watu ni dalili. Ugonjwa ni chama kukosa msimamo ambao wanachama wanaumiliki na wanaweza kuutetea.

Chama cha Labor kilitokana na migomo mikubwa ya mabaharia na wakata manyoya ya kondoo ya miaka ya 1890 na 1891. Wafanyakazi walipeleka watu wao bungeni ili wawe wajumbe wao, wafungwe na maamuzi ya chama. Kadiri miaka ilivyopita, madaraka yalihama. Kumchagua na kumwondoa kiongozi kulibaki mikononi mwa wabunge, na wabunge wenyewe waligawanyika katika makundi ya kulia na ya kushoto, kila kundi na wakubwa wake.

Rudd hakuliponya tatizo hili, alilipandisha ngazi. Aliposhinda alijichukulia madaraka ya kuteua mawaziri, kazi ambayo kwa karibu miaka mia moja ilikuwa ya wabunge wa chama. Mpango wa kupunguza hewa ya kaboni, alioutangaza kuwa jukumu kubwa la kimaadili, uliwekwa kando Aprili 2010 baada ya kukataliwa mara mbili na Seneti. Hakuwarudia wananchi wala wanachama kuomba nguvu mpya. Kiongozi aliyejiweka juu ya chama hana budi kutegemea kura za maoni, na kura hizo zilipoanguka hakuwa na mtu wa kumtetea.

Hapo ndipo makampuni ya madini yalipopata nafasi. Tarehe 2 Mei 2010 serikali ilitangaza kodi ya asilimia 40 juu ya faida ya ziada ya migodi. Hoja ilikuwa ya haki: mali iliyomo ardhini ni ya taifa zima. Makampuni yalijibu kwa matangazo mengi katika televisheni na magazeti. Chama kilichojengwa imara kingewaeleza wafanyakazi mahali pa kazi na mitaani jinsi kodi ile ilivyowahusu. Labor haikufanya hivyo, ilibadilisha kiongozi. Tarehe 2 Julai, siku nane baada ya Rudd kuondolewa, serikali ilikubaliana na BHP Billiton, Rio Tinto na Xstrata juu ya kodi nyepesi ya asilimia 30, kwa chuma na makaa ya mawe tu. Ilianza kutozwa Julai 2012, ikaleta mapato machache kuliko yaliyotarajiwa, na mwaka 2014 serikali iliyofuata ikaifuta. Huo ndio ulikuwa uzito wa ugomvi ule. Watu walitazama nani anakaa kitini, na mali ikapita mlango wa nyuma.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika uchaguzi wa Agosti 2010 kila upande ulipata viti 72 kati ya 150, na Gillard akatawala kwa msaada wa wabunge wanne wasio wa chama chake. Februari 2012 alimshinda Rudd kwa kura 71 kwa 31. Juni 2013 Rudd alimshinda kwa 57 kwa 45. Septemba chama kikaanguka, kikibaki na viti 55.

Wapinzani wao hawakuwa na dawa bora. Tony Abbott aliangushwa Septemba 2015 na Malcolm Turnbull, aliyetoa hoja kwamba serikali imeshindwa kura za maoni 30 mfululizo. Turnbull naye alifikia idadi hiyo hiyo, na Agosti 2018, katikati ya mabishano juu ya sera ya nishati, akaondoka na kumwachia Scott Morrison. Anayeingia kwa hesabu za kura za maoni hutolewa kwa hesabu hizo hizo.

Haki ya kumwondoa kiongozi ni haki ya kidemokrasia, na hatuipingi. Swali ni nani anaitumia na kwa kosa gani. Mwaka 2013 Labor ilibadili kanuni: wanachama wapewe nusu ya uzito wa kura, na Waziri Mkuu asiondolewe ila robo tatu ya wabunge wake waombe. Hiyo ni hatua mbele. Hata hivyo, katika uchaguzi wa kwanza wengi wa wanachama zaidi ya 30,000 waliopiga kura walimpendelea Anthony Albanese, wengi wa wabunge 86 wakampendelea Bill Shorten, na Shorten akashinda. Mbunge mmoja alikuwa na uzito wa wanachama karibu 350.

Kanuni zinaweza kuzuia mapinduzi ya usiku. Haziwezi kukipa chama msimamo. Msimamo hujengwa katika vikao vya chini, kwa mjadala wa wazi, kabla ya uchaguzi na baada yake. Chama kinachojua kinataka nini kitamhukumu kiongozi kwa kazi yake. Kisichojua kitabadilisha sura kila mara, na wale waliokipa ushindi watabaki wakisubiri zamu yao isiyofika.