Pasua Kidonge, Utazame Moyo

Ukipewa kidonge cha madini ya chuma yenye titani, usikisifu kwa umbo. Kipasue. Mviringo mzuri usio na ufa unaweza kuficha moyo mbichi, na moyo huo ndio utakaokusumbua tanurini.

Mfano wetu wa karibu ni miamba ya Liganga, wilayani Ludewa, Tanzania, yenye titani na vanadi ndani ya madini ya chuma. Madini haya hayaelewani na tanuru la kawaida la koki. Joto na kaboni vikizidi, titani huungana na kaboni na naitrojeni, ikazaa punje zisizoyeyuka hata kwenye nyuzi 2,500, na mavi ya chuma hugeuka uji mzito usiotaka kutoka. Ndiyo maana kiwanda cha chuma cha Highveld, Afrika Kusini, waliyapasha kwanza kwa makaa ya mawe katika tanuri la kuzunguka, kisha wakayayeyusha kwa umeme.

Anza na kidonge kibichi. Kiangushe kutoka nusu mita: kizuri hustahimili mara kadhaa, kilichozidi maji hutua kikawa bapa. Kikishachomwa penye hewa, kikate. Rangi iwe moja toka ganda hadi katikati. Kiini cheusi ndani ya ganda jekundu maana yake moto uliharakishwa, na ganda litabanduka. Hatua hii ya kuchoma naithamini kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoyafungua madini ili gesi ipenye baadaye.

Kikishaondolewa oksijeni, usiiamini sumaku: hunasa madini mabichi kama inavyonasa chuma tupu. Piga tupa. Palipoiva hung'aa, palipo pabichi hutoa vumbi jeusi. Usikimbilie kuongeza moto ili umalizie kilichobaki, maana vidonge vitagandana. Chuma kiive, titani ibaki oksidi. Wafua chuma wa kale wa Laikipia, Kenya, walioyeyusha mchanga mweusi wenye titani nyingi, walifika hapo kwa makaa ya kuni: chuma kikabaki bonge, titani ikaondoka na mavi yake.

Halafu hifadhi pakavu. Kidonge kilichoiva kina vitundu tele, na katika hewa ya unyevu ya Barumbu au Kisangani, Kongo, huanza kushika kutu upesi. Lundo kubwa likiloa huweza kupata joto lenyewe mpaka likawaka.