Waya Mweusi wa Kalundu

Mafundi wengi huanza na waya mwekundu. Mzee mmoja wa Kalundu, bandari ya Uvira, afungaye taa kwenye mitumbwi ya ndagala, huanza na mweusi.

Enzi za karabai kazi yake haikuwepo. Ilikuwa mafuta ya taa na pampu tu. Siku hizi, mwezi ukiisha na giza likirudi ziwani, ndagala huvutwa na taa za LED. Betri ya volti 12 hukaa ndani ya mtumbwi, nyaya zikapanda kwenye miti inayounganisha mitumbwi miwili, wavu ukining'inia katikati.

Kwenye pikipiki, umeme ukishatoka kwenye taa hurudi kwenye betri kupitia chuma cha pikipiki yenyewe. Huku Uvira chuma hicho huitwa masi, neno la Kifaransa lililokwisha kuwa letu. Lakini mtumbwi ni mbao, hauna masi. Kila taa lazima ipewe waya wa kurudia, ndio huo mweusi. Hapo ndipo vijana waliojifunzia kwenye pikipiki hukwama; mmoja nilimkuta amefunga waya mweusi kwenye msumari, akiishangaa taa isiyowaka.

Mzee hutandaza mweusi mmoja mnene kutoka betri hadi katikati ya mti, na taa zote zikakutana hapo. Ncha huchuna kwa kisu kidogo asikate hata uzi mmoja wa shaba. Huzisokota nyuzi upande mmoja, akazivika pete ya shaba, akabana, akalehemu, kisha akaifunga pete kwa skrubu na kupaka Vaseline juu yake. Shaba isiyofunikwa, kwa unyevu wa ziwa, hugeuka kijani.

Mtu atauliza, kwa nini kuhangaika hivyo? Taa sita za wati 10 hunywa ampea 5. Kiungo kibovu chenye omu 0.2 tu kitameza volti nzima, na wati 5 zitaishia kuwa joto ndani ya utepe uliokifunika. Ni nusu ya taa moja, inayoupasha moto utepe badala ya kuwaita samaki.

Kwenye mitumbwi yenye betri mbili za mfululizo, volti 24, huwa kuna mwenye redio anayetaka kuichomeka kwenye betri moja. Mzee hukataa katakata, kwa kuwa betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake na hazitachajika sawa tena. Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti, chenye mweusi wake.

Ninachokipenda zaidi ni anavyopima. Taa zikiwa zimezimwa, mita huonyesha volti zilezile kila mahali, hata kiungo kikiwa kimeoza, maana hakuna umeme unaopita. Yeye huziwasha zote, kisha ncha moja ya mita huigusisha hasi ya betri na nyingine hasi ya taa ya mwisho. Mweusi kwa mweusi. Anataka kuona karibu na sifuri.

Jioni moja nikimtazama, mita ilisoma volti 0.4. Jua lilikuwa limekwisha kupita nyuma ya milima ya Mitumba, na wavuvi walishashika makasia.

"Papa, giza hilo," mmoja akasema.

Mzee alizima taa, akaanza kufungua utepe wa kiungo cha tatu.