Mbuzi Kibogoyo Mahakamani: Uhakiki wa Ubia wa Ufadhili katika Udhibiti wa Mathenge, Baringo
Miaka ya 1980, Serikali ya Kenya kwa kushirikiana na FAO ilieneza mathenge, yaani Prosopis juliflora, Baringo ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti huo ukavamia malisho ya pamoja. Mwaka 2006, jamii ya Ilchamus iliishtaki Serikali, ikamfikisha mahakamani mbuzi aliyedaiwa kung'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Ushahidi huo unafichua kasoro ya msingi ya ubia: ufadhili wa kupanda ulikuwa na kikomo, ilhali kuenea kwa mbegu hakukuwa nacho. Aliyebaki na hasara ni mfugaji. Kwa hiyo, ubia wowote wa kuudhibiti mti huo hauna budi kumtambua mfugaji kuwa mshirika mwenye uamuzi, si mnufaika tu, na kudumu hata baada ya mradi kufungwa.