Kusaka Umeme Unaovuja

Olympus OM-4 haina swichi ya kuzima. Kamera hii ya Kijapani ilipoingia sokoni mwaka 1983, wapiga picha waliipenda kwa namna inavyopima mwanga: mtu hulenga hadi sehemu nane za mandhari, kuanzia paji la uso hadi kivuli cha mlangoni, nayo ikakokotoa wastani. Hesabu hiyo hufanywa na saketi, na saketi hazilali kabisa hata kamera ikiwa kabatini. Matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa kumaliza betri. Unaweka mpya, zinapita wiki chache, unabonyeza, kioo kinainuka na hakishuki tena.

Hapo wengi hushika bisibisi. Fundi aliyeiva huanza na maswali, kisha betri.

Betri za SR44 na LR44 zina umbo moja na huingia pale pale, lakini tabia zao ni mbili. SR44, ya oksidi ya fedha, hushikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho wa uhai wake. LR44, ya alkalaini, huanza na volti 1.5 na kuzidi kushuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo OM-4 huweza kuiona imekufa wakati bado ina chaji. Kuna kamera zilizofunguliwa bure kwa sababu ya kosa hili la kuchagua betri dukani.

Kisha fundi huchungulia chumba cha betri. Ukoko mweupe ni alama ya betri ya alkalaini iliyovuja. Hupanguswa kwa siki kidogo, kwa kuwa asidi huuvunja nguvu, halafu kwa spiriti. Kazi hii inataka mkono mwepesi, na katika miji ya pwani, kwenye hewa yenye chumvi, ni vigumu kuikwepa.

Ikiwa tatizo bado lipo, ndipo mita inatolewa, na hapa ndipo ufundi huu unapostahili sifa zote. Kifuniko cha betri kikiondolewa, njia ya umeme hukatika. Fundi huigusisha ncha moja ya mita kwenye uso wa betri na nyingine kwenye chuma cha kamera, ili umeme wote upitie kwenye kipimo chake. Anachotafuta hakisikiki wala hakionekani: mikroampea, yaani sehemu za milioni za ampea. Betri ya SR44 hubeba takriban miliampea-saa 150. Kamera ikinyonya mikroampea 200 muda wote, betri itaisha baada ya saa 750, siku 31 tu. Ikinyonya 10, betri hiyo hiyo itavuka mwaka mmoja na nusu. Namba hizo mbili zinatenganisha kamera nzima na kamera mgonjwa, na hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

Akishapata namba, fundi hugeuza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Gurudumu la kasi linapelekwa kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa, anasoma. Linarudishwa lilipokuwa, anasoma tena. Subira hii haina njia ya mkato. Anayegeuza vitu viwili pamoja hajui kipi kilichobadilisha kipimo.

OM-1 ya mwaka 1972, ndugu mkubwa wa OM-4, humfundisha fundi unyenyekevu. Shata yake ni ya kimakanika tupu, betri inalisha kipimamwanga peke yake, na ina swichi. Ikimaliza betri, swali la kwanza ni kama mwenyewe aliizima.

Kwa OM-4 jibu huweza kuwa zito zaidi: saketi yenyewe imechoka. OM-4Ti ya mwaka 1986 ilikuja na saketi bora zaidi, lakini utengenezaji wa familia ya OM ulikoma mwaka 2002, na leo kipuri hutoka kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Asiyemudu gharama hiyo hutoa betri kila anapomaliza kazi. Zikimwishia njiani, bado ana B na kasi ya 1/60, ambazo hazihitaji betri, na filamu yake itaendelea kupata picha.