Kiongozi Kiganjani, Jicho Ukutani

Kila apendaye ushairi wa Kiswahili anakijua kitabu cha namna hii: juu ya ukurasa pana beti nne au tano, na chini yake pana sherehe kwa herufi ndogo, ikifafanua maneno magumu, mahali palipotajwa na kisa kilichomsukuma mtungaji. Sherehe hiyo ni neema. Bila ya hiyo tungo nyingi za kale zingetuacha mlangoni. Hata hivyo, msomaji makini amewahi kujikuta akishuka chini ya ukurasa kabla hajaumaliza ubeti, na arudipo juu mpigo wa mizani umekwisha kumponyoka. Maana ya neno ameipata, shairi amelikosa.

Nimelitanguliza jambo hili kwa kuwa ndicho kipimo nitakachokitumia kupimia kitu kinachoonekana kuwa mbali na ushairi: programu za simu ya mkononi zinazomwongoza mgeni ndani ya jumba la makumbusho. Nazo ni sherehe. Zimeenea kiasi cha kuwa utanzu, na kila utanzu unamstahili mhakiki.

Asili yake si ya jana. Mwaka 1952, jumba la Stedelijk la Amsterdam liliwapa wageni wake vipokezi vya redio, wakasikia maelezo huku wakitembea. Wote walisikia sauti moja, kwa wakati mmoja, wakageuza shingo kwa pamoja. Simu ya leo imekuja na jambo jipya: inajua umesimama wapi. Mwaka 2010 jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile la New York, American Museum of Natural History, lenye kumbi zaidi ya 40, lilitoa programu iitwayo Explorer. Ilimwonesha mgeni mahali alipo, ikampa njia hatua kwa hatua mpaka kwenye mifupa ya dinosaria, na ikamwelekeza hata choo kilicho karibu.

Wako watakaoibeza kazi hiyo. Watasema kwamba kupotea ni nusu ya elimu, na kwamba aliyepita vichochoro vya Mji Mkongwe bila ya ramani ndiye aliyeuona mji. Maneno hayo ni matamu, lakini ni ya mtu mwenye miguu mizima na wakati wa kutosha. Mzee aliyechoka, au mama aliyemshika mtoto anayetaka kujisaidia, hana haja ya kupotea kishairi. Kuuliza si ujinga, na simu inayojibu kwa adabu haina kosa. Lawama yangu kwa Explorer ni nyingine. Jumba linaloongozwa hivyo hugeuka mji wa kuvukwa: mgeni hukiendea kitu anachokijua jina, na alivyovipita njiani vikabaki kuwa kona za kukatia.

Mfano ulio kinyume chake unatoka kisiwani. Huko Tasmania, kusini mwa Australia, mcheza kamari aliyetajirika kwa hesabu, David Walsh, alifungua mwezi Januari 2011 jumba lake liitwalo Mona. Limechongwa ndani ya mwamba kando ya mto Derwent, karibu na Hobart, na wageni wengi hulifikia kwa boti. Mtu huingilia juu, akashuka chini ya ardhi, kisha akapanda taratibu kuelekea kwenye mwanga. Ukutani hamna vibao vya maelezo: hamna jina la msanii, tarehe wala neno lolote. Yote yamewekwa katika kiongozi kiitwacho O, kilichoanza kuwa chombo cha kuazimwa mlangoni na baadaye kikawa programu ya simu ya mgeni mwenyewe.

O hakisemi “geuka kushoto.” Kinaorodhesha vitu vilivyo karibu nawe, kila kimoja na picha yake ndogo, nawe huchagua. Ukichagua, hukuti sauti moja ya mamlaka. Ipo sehemu ya maelezo ya kitaalamu, iliyopewa jina la matusi linalowakejeli wataalamu wenyewe. Ipo iitwayo Gonzo, ambamo Walsh huandika mambo yake bila ya haya. Yapo na mazungumzo na wasanii. Mwishoni huulizwa: umeipenda kazi hii, au umeichukia?

Kwa kipimo chetu cha sherehe, hapa pana ushindi mkubwa. Wahenga walisema macho hayana pazia; kibao cha ukutani ndicho pazia, kwa kuwa mgeni hukisoma kwanza ndipo akione kitu kama alivyoambiwa akione. Mona imelivua pazia hilo. Mgeni anayesimama mbele ya mchoro wa Sidney Nolan uitwao Snake, wenye vipande 1,620 vinavyoungana kuwa joka moja refu, hulazimika kuliona joka kabla ya jina. Na palipo na bit.fall ya Julius Popp, matone ya maji huachiwa yakaunda neno lililookotwa katika habari za intaneti, neno likadumu kitambo kidogo cha kuanguka, kisha likawa maji tena. Kazi hiyo haingoji sherehe. Aliyeinamia simu amekwisha kulikosa neno.

Na hapo ndipo ilipo kasoro. Ili kukitambua kitu kilicho mbele yake, mgeni hutafuta picha yake ndogo kiganjani. Jicho hushuka, hupanda, hushuka tena, sawasawa na yule msomaji wetu na ukurasa wake. Pazia limeondoka ukutani likahamia mkononi. Hali kadhalika swali la kupenda na kuchukia: ni uchangamfu mzuri, lakini humtaka mtu ahukumu kabla moyo haujatulia. Shairi jema aghalabu hatujui tumelipenda mpaka usiku wa pili.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi, nayo yaihusu kila programu ya aina hii. Katika Mona imo maiti iliyokaushwa ya Pausiris, mtu wa Misri ya kale. Sauti zaweza kurundikwa juu yake, ya mtaalamu, ya tajiri, ya msanii, na zote zikawa za watazamaji. Wingi wa sauti si lazima uwe wingi wa pande.

Jambo hili latugusa sisi wa visiwani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Jumba hilo lilipokuwa makumbusho, ukumbini mwake mlisimama mfano wa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba pasi na msumari wa chuma. Programu yoyote itakueleza urefu wa mtepe. Lakini ni nani atakayezungumza ndani yake? Fundi anayejua jinsi kamba inavyokazwa, kwa lafudhi yake na istilahi zake, au msomaji wa studio aliyepewa karatasi?

Yeyote atakayetunga kiongozi wa makumbusho ya pwani hii hapana budi azingatie mambo mawili. Kwanza, simu ikae kimya mpaka mgeni aiombe, mfano wa sherehe iliyowekwa mwisho wa kitabu. Pili, kila sauti ijitaje ni ya nani, na ya kwanza kusikika iwe ya waliokitumia kitu hicho. Mafundi wa vyombo wangalipo, na kinasa sauti si ghali. Kazi hiyo haina haja ya kungoja jengo.