Namna Jocelyne alivyomlaza Szabados

Fainali ya hoki ya barafuni ya wanawake, Olimpiki ya 2018, mjini Gangneung, Korea Kusini. Marekani na Kanada wametoka 2-2, dakika 20 za nyongeza hazikuzaa kitu, na penalti tano tano nazo zimeisha 2-2. Sasa ni moja moja. Anayekwenda kupiga ni Jocelyne Lamoureux-Davidson wa Marekani.

Penalti hii si ile ya soka. Kisahani cha mpira huwekwa katikati ya uwanja, mpigaji anakichukua na kwenda nacho mbio hadi langoni. Haruhusiwi kukirudisha nyuma, na kipa akikitema hakuna kumalizia. Kipa naye hagandi mstarini: hutoka mbele ili kubana upenyo, kisha hurudi kinyumenyume kwa mwendo uleule wa anayemjia. Mwendo huo ndio uhai wake. Ukiuvuruga, umempata.

Jocelyne alianzia hapo hapo. Akajifanya anafyatua. Shannon Szabados, kipa wa Kanada mwenye dhahabu mbili za Olimpiki na asiyetishika ovyo, akalazimika kujiweka sawa kupokea shuti, na kule kurudi kwake kukakatika. Chenga ya pili ikakivuta kisahani kushoto, kwa upande wa nyuma wa gongo, na Szabados akakifuata mwili mzima. Ya tatu ikakirudisha kulia. Hapo kipa hana ujanja: uzito wote umeshalala upande mmoja, na ili ageuke ni lazima kwanza aukusanye mguu uliokwisha kunyooka apate pa kujisukumia. Szabados alibaki na glovu tu, akainyoosha, haikufika. Mguso wa mwisho wenyewe ulikuwa mwepesi kabisa, wa kusindikiza tu.

Watu walisema kipaji. Mimi nasema karakana. Chenga hiyo ilikuwa na jina siku nyingi kabla ya Gangneung: Peter Elander, kocha Mswidi aliyemnoa Jocelyne Chuo Kikuu cha North Dakota, aliipachika jina la wimbo wa Britney Spears, Oops!... I Did It Again, na mwanafunzi wake akairudia mazoezini mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mbele ya Szabados hakuwa anabuni kitu. Kipa ndiye aliyekuwa akifikiri, na kipa anayefikiri huwa amechelewa.

Aliyefuata, Meghan Agosta wa Kanada, alizuiwa na Maddie Rooney, kipa wa miaka 20, na Marekani ikapata dhahabu yake ya kwanza tangu 1998. Siku hizi fainali ya Olimpiki haiamuliwi kwa penalti. Wanacheza watatu kwa watatu mpaka goli lipatikane. Ni haki zaidi, nakubali, ila kwa kanuni hiyo chenga ile tusingeiona.

Jocelyne hakufika pale peke yake. Goli la kusawazisha alilifunga pacha wake, Monique, zikiwa zimebaki dakika sita na ushee: Kanada walikuwa katikati ya kubadilisha wachezaji, yeye akachomoka. Wawili hao ndio mabinti pekee katika nyumba ya watoto sita huko Grand Forks, na hoki waliianza na kaka zao kwenye kijito kilichoganda karibu na nyumbani.

Hesabu ile ile, ya kumwacha mpinzani bila pa kugeukia, waliitumia nje ya uwanja. Machi 2017 timu ya Marekani, mapacha hao wakiwa mstari wa mbele, ilikataa kucheza mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyokuwa yafanyike kwao Michigan mpaka shirikisho la hoki la nchi yao liboreshe mkataba. Wachezaji walisema hulipwa dola 1,000 kwa mwezi, tena kwa miezi sita tu ya kujiandaa na Olimpiki. Ujanja haukuwa katika kugoma, maana wanaogoma huweza kubadilishwa. Wao waliwapigia simu wale wote ambao wangeweza kuitwa kuziba nafasi, hadi wasichana wa vyuo na shule, wakawaomba wakatae. Shirikisho lilipogeukia upande huo, likakuta mlango umefungwa. Machi 28 mkataba wa miaka minne ukapatikana. Siku kumi baadaye waliifunga Kanada 3-2 katika muda wa nyongeza, wakabeba ubingwa.