Mnyoo ni ule ujumbe wenyewe

Leo ninaomba tusome pamoja maandiko ya aina moja yenye kusomwa Butembo na Beni kuliko vitabu vyetu vyote: ule ujumbe wa kutuonya juu ya virusi katika WhatsApp. Munaujua. Kesho itatoka video fulani, usiifungue, itafuta vitu vyote vya simu yako, redio kubwa imeshatangaza, tumia watu wako wote. Ule wa video ya «Martinelli» umezunguka dunia nzima. Mwaka 2017 polisi ya Hispania ilisema wazi ni uongo, na bado unaturudilia.

Tuuangalie kama maandiko. Hauna tarehe: hiyo «kesho» ni kesho ya siku gani? Hauna mahali, hauna mutu wa kuulizwa. Redio gani, saa ngapi? Juu ya hayo hauwezi kuzeeka. Mwanafunzi akileta kazi ya namna hiyo, mwalimu anamurudishia bila kusoma ukurasa wa pili. Lakini sisi wenyi diploma tunausambaza kwa watu 200, tena tunaongeza «kwa usalama wenu».

Minyoo ya kweli ipo, sikatai. Mwezi wa 10 mwaka 2005, kijana wa Marekani, Samy Kamkar, aliachilia mmoja ndani ya MySpace, na kwa muda usiopita siku moja ukaingia kurasa zaidi ya milioni 1. Mwaka 2008 ikaja Koobface (ni herufi za Facebook zilizochanganywa): rafiki yako anakutumia video, unabonyeza, unaambiwa kwanza uweke programu mpya ya kuionyesha. Hiyo programu ndiyo ilikuwa mnyoo. Koobface ilihitaji vitu viwili, jina la mutu unayemuamini na kidole chako. Sasa ule ujumbe wetu wa kuonya unahitaji nini? Vile vile viwili. Unafanya kazi ya mnyoo bila hata mustari mmoja wa programu.

Ubaya wake mukubwa ni kwamba unatufundisha kuogopa kitu kisichokuja. Wizi wa kweli unakuja polepole, kwa adabu. Mutu anaweka namba yako ndani ya WhatsApp ya simu yake. WhatsApp inakutumia SMS yenye tarakimu 6. Dakika ile ile unapata ujumbe toka kwa rafiki, ambaye akaunti yake ilishaibiwa jana: «Yaya, nimekosea, namba yangu imefika kwako, unirudishie.» Unarudisha. Umetolewa inje, na yeye amekaa kwa kiti chako.

Na anaandika nini? Kwamba amekwama Kasindi ao Oicha, watu wake wamekimbia, anahitaji dola 20 kwa Airtel Money. Hapo ndipo ninaumia. Fasi ingine ujumbe kama huo ungenuka toka mbali. Kwetu ni habari ya kweli ya mutu fulani kila wakati: watu wanakimbia kweli, barabara inafungwa kweli. Mwizi hana haja ya kutunga, ananakili tu maisha yetu. Katika kikundi kimoja dada mmoja aliyekuwa amekimbia kweli aliomba musaada. Wakamuambia atume sauti kwanza. Akatuma. Wengine wakasema siku hizi hata sauti inaigwa. Mpaka jioni hakuna aliyemupigia simu, na kupiga kunaomba uniti kidogo tu.

Tulishaona maneno yasiyo na mwenyewe yanaweza kufanya nini. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, uvumi ulikuwa unatembea kwa WhatsApp mbele ya gari za matunzo, na watu 2,287 walikufa katika ule mlipuko.

Onyo zuri lipo. Bora kuliko yote niliyosoma liliandikwa na mama mmoja muchuuzi, mistari mitatu: tarehe, namba yake iliyoibiwa, na «mutu asitume franga, munipigie kwa namba hii ingine». Nyuma ya siku mbili akaandika tena: nimerudishiwa, mufute ile ya juzi. Hakuna herufi kubwa hata moja ya kutisha. Mwandishi yupo, kazi ya musomaji iko wazi, na ujumbe uko na mwisho wake.

Kwa simu zetu za Kifaransa, ingia «Paramètres», kisha «Compte», kisha «Vérification en deux étapes», weka namba ya siri yako mwenyewe. Ukifanya hivyo, mwizi mwenyi kupata zile tarakimu 6 bado atagonga mulango. Angalia pia «Appareils connectés», zaidi kama unaacha simu isiyofungwa kwa nyumba ya kuchajisha umeme. Dakika chache zinatosha mutu kuunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, akasoma yote bila wewe kutolewa.

Na kama umeshaibiwa, andikisha tena namba yako mara moja. Ukiingiza tarakimu mpya za SMS, mwizi anatoka. Lakini kama yeye ndiye aliyeweka namba ya siri, WhatsApp itakuomba ungoje siku 7. Siku hizo zote piga simu ya kawaida, uanze na wale wazee wa familia wenyi kutuma franga bila kuuliza.